Taa ya Zambarau na Miguu ya Fausta

Uvumi ulimkuta Hildegarda bombani, ndoo yake haijafika hata nusu. Aliyeuleta ni Mwanvua, jirani yake wa ukuta kwa ukuta katika kambi ya wakata mkonge, nje kidogo ya Kilosa. Mwanvua alikuwa na namna yake ya kunong'ona: mdomo anauweka sikioni mwako, sauti inafika kambi ya pili.

"Umesikia ya shamba la chini?"

"Sijasikia, wala sitaki kusikia," Hildegarda akasema, akasogea karibu.

"Wanaume wamelala na miguu yao vizuri. Wameamka, miguu imeacha kazi. Haijavimba, haina kidonda. Mtu anaiambia twende, yenyewe imekaa. Mmoja walimkuta anaibembeleza kama mwali."

"Wamelogwa?"

"Afadhali wangelogwa. Ni mafuta ya kupikia. Yametiwa mafuta ya mashine, haya haya ya kulainishia vyuma."

"Ameyatia nani?"

"Mwinshehe wa Mikumi, nani tena? Malori yote ya kwenda Iringa yanaharibikia mbele ya mlango wake. Ule mchuruziko wote chini ya malori, unadhani anautazama tu?"

Hildegarda alicheka, kwa sababu Mwinshehe alimjua. Alikuwa mzee mfupi mwenye kinu cha kukamulia karanga, aliyekuja sokoni Kilosa kila wiki na mafuta yake katika mitungi ya udongo iliyovikwa nyasi, akiishusha kutoka kwenye lori kwa kuisemesha, "polepole, mwanangu, polepole," kama anateremsha wajukuu. Kila mnunuzi alikuja na chombo chake, mzee akampimia. Mtu wa namna hiyo atambae chini ya malori na kijiko? Hildegarda akajitwika ndoo, akaenda zake.

Lakini uvumi haukubaki bombani. Alipokoka moto, ulikuwa pale. Alipomimina mafuta kaangoni na yakachemka, aliyasikia yanasema miguu, miguu, miguu. Akaepua. Akayanusa. Yalinuka karanga, na kwa mbali yalinuka mume wake.

Hilo la mwisho halikumshangaza. Mume wake, Lupakisyo, alikuwa mtu wa korona, ile mashine inayoyakwangua majani ya mkonge mpaka zinabaki singa nyeupe, na kila kitu nyumbani mwao kilinuka mafuta ya korona: shuka, mto, mpaka sala ya jioni.

Aliyemtia hofu ni Fausta. Hildegarda alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu, na Fausta, ambaye meno ya utoto ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka, alikuwa ndiye pekee aliyebaki wa kumwita mama. Na Fausta alipenda mafuta. Mboga ikiisha alifuta kaango kwa tonge la ugali, na ugali ukiisha alifuta kwa kidole. Mama yake ndiye aliyemzoesha, maana mtoto mwembamba asipopewa mafuta apewe nini?

Basi akaanza kumpima. Fausta, njoo hapa. Fausta, rudi kule. Fausta, simama mguu mmoja kama korongo. Mwanzoni mtoto aliuona mchezo. Baadaye akasema, "Mama, sijachoka kutembea. Nimechoka kuitwa."

Asubuhi moja alitumwa kuchukua kaa la moto kwa Mwanvua. Hildegarda, akiwa amempa mgongo, akasikia nyayo zinapiga chini, pwata, pwata, kama za mtu aliyevaa viatu vya baba yake, na mtoto alikuwa peku. Akageuka. Vidole vya miguu ya Fausta vilikuwa vinaning'inia, na kila alipopiga hatua goti lilipanda juu sana ili vidole visikwaruze ardhi. Akaanguka. Akainuka anacheka. Akaanguka tena palepale.

"Anacheza," Lupakisyo akasema alipohadithiwa.

"Mtoto hachezi kwa kuangukia uso, baba Fausta."

"Basi ni minyoo."

"Minyoo inakaa miguuni?"

Lupakisyo akafikiri. "Minyoo ya Kilosa inakaa inapotaka."

Hildegarda hakungoja ushauri mwingine. Alichota mafuta ya debe lake, akayatia katika chupa ya dawa, akamfunga mtoto mgongoni, mtoto ambaye alikuwa ameshaacha kubebwa zamani, akavuka mto Mkondoa kwenda mjini kwa Bwana Afya.

Bwana Afya wa Kilosa alikuwa kijana aitwaye Nikolaus, mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate, na nywele zilizopakwa mafuta ya manukato mpaka inzi wakitua wanateleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Ana miguu."

"Sote tuna miguu, mama."

"Ya kwake inaondoka."

Nikolaus alimkalisha Fausta mezani, akamgonga goti kwa upande wa kiganja, akamwambia ainue vidole vya miguu. Fausta alivitazama vidole vyake. Vidole navyo vilimtazama. Hakuna kilichoinuka. Nikolaus akaacha kutabasamu, akaenda kabatini na kutoa sanduku jeusi lenye vishikio vya shaba. Alikuwa amerudi nalo kutoka Dar es Salaam karibuni, na kwa kukosa mlalamikaji alikuwa ameshamulika viazi vyote vya mke wake.

"Ndani ya sanduku hili mna taa ya zambarau," akasema. "Mwanga wake wewe huuoni vizuri, lakini vitu vinauona. Kila kitu kikimulikwa kinajibu kwa rangi yake. Mafuta safi ya karanga hujibu kidogo sana, kama mtu aliyeamshwa mapema. Mafuta ya mashine hujibu buluu, tena hujibu kwa kelele."

"Na hicho kibomba kilicho pembeni yake?"

"Kina kioo cha pembetatu ndani. Kinaichambua ile rangi kama unavyochambua mchele, kila punje mahali pake. Taa inauliza, kibomba ndicho kinachosikiliza jibu. Nilifundishwa nitumie vyote viwili." Akakohoa. "Ila kibomba kinachukua muda."

Taa ile ilitaka umeme, na umeme wakati ule ulikuwa kiwandani kwenye shamba la mkonge, palipo na korona. Meneja alikuwa safarini. Funguo alikuwa amemwachia nyapara mkuu, mtu aitwaye Anselmi, naye Anselmi alizivaa shingoni mchana kutwa na kuzivulia kofia usiku. Alipoombwa chumba chenye giza, alitoa ghala la marobota ya singa. Na kwa kuwa alikuwa hajawahi kuachiwa shamba zima, akatangaza kwamba kutakuwa na baraza, kila nyumba ilete debe lake la mafuta, na Mwinshehe aitwe kutoka Mikumi aje ajibu.

Siku hiyo, jua likiwa utosini, watu walijaa ghalani wakiwa na madebe vichwani. Madirisha yalizibwa kwa singa, na ndani pakawa peusi kama ndani ya chungu. Nje korona ilinguruma. Ikikabwa na jani nene umeme ulilegea na taa ikasinzia, na baraza zima likangoja mashine imeze.

Anselmi alikaa juu ya robota. Mwinshehe alisimama chini yake amekumbatia mtungi. Hildegarda alikaa mbele kabisa, Fausta mapajani, mikono yake imeishika miguu ya mtoto kana kwamba kuna mtu angeichukua.

"Tuanze na mlalamikaji," Anselmi akasema.

Nikolaus akamimina mafuta ya Hildegarda katika kijibirika cha kioo, akawasha taa. Mafuta yakawaka buluu. Yaliwaka hasa, kama jicho la paka aliyemeza mwezi. Watu wakavuta pumzi. Hildegarda hakuvuta wala hakutoa. Aliona kila kaango ambalo mtoto wake alilifuta kwa kidole.

Wakamimina ya Mwanvua. Buluu. Ya nyumba inayofuata. Buluu. Ya Anselmi mwenyewe, buluu kupita yote, na Anselmi akasema hiyo ni kwa sababu ya cheo.

"Mzee Mwinshehe," akasema, "umejionea. Una lipi?"

"Nina mtungi huu, bwana nyapara. Nimetoka nao kinuni kwangu Mikumi. Mafuta ni yale yale ninayowauzia. Naomba umulikwe."

"Mshitakiwa haleti ushahidi wake mwenyewe."

"Sasa ushahidi wangu ataleta nani?"

"Sisi. Na tumeshauleta. Unawaka."

Nikolaus akainama kupanga vijibirika vyake, na hapo ndipo mwanga ulipompata kichwani. Nywele zake zikang'aa buluu mbivu, tena kwa mistari, jinsi kitana kilivyopita.

"Bwana Afya," Anselmi akasema taratibu, "kichwa chako kimechanganywa."

"Ni mafuta ya nywele haya."

"Ndivyo Mwinshehe anavyosema. Ni mafuta tu."

Watu wakacheka, na kucheka kukawaponza, maana meno yao yote yaling'aa. Ghala zima likawa safu za meno meupe yenye buluu yakielea gizani bila vichwa. Mtu mmoja alimwonyesha jirani yake kidole, jirani akamwonyesha na yeye, kisha wote wakagundua na kufumba midomo. Baraza liliendelea kwa muda watu wakisemea puani.

Wakati huo kitu kikateremka kwenye nguzo. Kilikuwa kijani, kinawaka kama kaa la moto wa jini, kina mkia juu. Mwanvua ndiye aliyekitambua.

"Ni nge," akasema kwa mkono mdomoni.

Nge alikuwa mtulivu. Alisimama katikati ya mwanga, akang'aa kuliko mafuta, kuliko meno, kuliko Bwana Afya. Anselmi akamtazama sana.

"Huyu ndiye aliyekunywa mengi zaidi," akasema. "Na miguu yake iko yote. Tena minane."

Hoja hiyo iliwaingia watu. Wengine walisema kumbe mafuta yale yanaongeza miguu. Mwingine alisema nge alikuwa na miguu ishirini, mafuta yamempunguzia. Anselmi akaamuru afunikwe na bilauri awe kielelezo. Hildegarda alisikiliza haya yote huku Fausta akimwuliza kwa sauti ndogo kama nge naye anaitwa-itwa na mama yake. Akainuka.

"Nikolaus, mwanangu," akasema, kwa sababu cheo kilimtoka kichwani. "Kila kitu humu kinawaka. Hata mimi nikifungua mdomo nawaka. Sasa nitajuaje kilicho kwenye miguu ya huyu?"

Kabla Nikolaus hajajibu, mlango ulisukumwa na jua likaingia. Alikuwa Naisenya, mama wa Kimasai aliyeleta maziwa kambini kila baada ya siku chache, anatafuta wateja wake na kushangaa wamekwenda kujifungia wapi mchana. Alivaa ngozi na shanga, mkononi ana kibuyu cha maziwa, begani kingine kidogo.

"Mmezika mtu?" akauliza.

"Tunahukumu mafuta, mama yetu," Mwinshehe akasema. "Funga mlango."

Naisenya akafunga. "Mafuta gani? Kama ni ya mzee huyu, mimi ninayo." Akakishika kile kibuyu kidogo. "Nilinunua kwake sokoni, siku moja na hawa. Nalainishia ngozi zangu, na watoto nawapikia."

"Watoto wako wanatembea?" Hildegarda akauliza.

"Wanatembea kupita kiasi. Jana nimewatafuta mpaka Ulaya."

Nikolaus akamimina mafuta ya kibuyu, akamulika. Hakuna kilichotokea. Mafuta yalikaa mle katika kioo, yana weupe hafifu wa mbali, basi. Watu wakasogea kuyatazama jinsi yasivyowaka.

Ndipo Nikolaus alipofanya alichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Alijifuta jasho, akafungua kisanduku kidogo, akatoa kile kibomba, akaweka jicho. Akatazama mafuta ya Hildegarda. Akatazama ya Anselmi. Akajikamua nywele kidoleni akatazama na hayo. Akamtazama nge, na meno ya aliyekaa karibu. Akamwomba Lupakisyo, ambaye alikuwa ameingia kutoka zamu, amwazime mkono wake mweusi wa mafuta ya korona, akautazama huo kwa muda mrefu kuliko vyote. Korona ikakabwa, taa ikasinzia, wote wakangoja. Ikameza. Akatazama tena.

"Havifanani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Kwa macho yote ni mng'ao tu. Humu ndani kila kimoja kina mahali pake. Nge ni kijani na hana buluu. Rangi ya meno imeenea tu, haina mahali pa kukolea. Nywele zangu zina buluu yake, imekaa pembeni. Lakini mafuta ya madebe na mkono wa huyu bwana wa korona ni kitu kimoja. Yanalingana kama mapacha." Akatoa jicho kwenye kibomba. "Mzee Mwinshehe hana kosa. Mafuta ya mashine yameingia humu humu kambini. Mama Fausta, debe lako uliliosha vipi?"

Baraza likacheka, safari hii bila kujali meno.

"Debe la mkonge linaoshwa?" Mwanvua akauliza.

Anselmi akainua mkono. Alieleza kama anavyoelezwa mgeni asiyejua choo kiko wapi. Madebe yalikuja shambani yakiwa na mafuta ya korona. Yakiisha, shamba huwapa watu, wakati wa kuoana au msimu ukifungwa, na ndicho kitu pekee ambacho shamba lilitoa bila kukata kwenye mshahara. Sasa debe jipya haliogeshwi. Ukiliosha linashika kutu, tena umemtukana aliyekupa. Chini kabisa huachwa mafuta kiasi cha kidole, nayo huitwa mwenyeji. Mafuta ya kupikia yakinunuliwa yanamiminwa juu yake, yanamkuta mwenyeji ndani, wanakaa vizuri. Na debe halimalizwi mpaka chini. Likikaribia kuisha linajazwa, ili mwenyeji asibaki peke yake.

"Tangu enzi za baba zetu walioletwa hapa kukata mkonge," Anselmi akasema. "Hata mimi nimeoa hivyo."

Hildegarda alikuwa ameketi tena. Alilikumbuka debe lake, jipya la msimu huu, lenye picha ya tembo ubavuni. Alikuwa amelifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Mafuta yale yaliyonuka mume wake.

"Huyo mwenyeji wa msimu huu," Nikolaus akasema, "ndani yake mna dawa mpya ya kulinda vyuma visisagane. Chuma inakifaa. Mtu inamwingia kwenye mishipa ya miguu na kuilegeza, na haina haraka, inakuja baadaye umeshasahau ulichokula. Hata mkiosha haitoki yote. Madebe haya yasiwekwe chakula. Yasiwekwe hata maji."

Katika giza lile wanawake walisikika wakiyavuta madebe yao karibu na miguu yao.

"Ngoja nielewe," Anselmi akasema. "Unataka kusema zawadi ya shamba ina makosa?"

"Nasema alichosema kibomba."

"Kibomba umekitazama peke yako. Sisi tumetazama taa. Na taa imesema hivi." Akazishika funguo. "Madebe yote yameulizwa, yote yamejibu, tena kwa adabu. Kibuyu cha mama huyu kimeulizwa kikanyamaza. Barazani anayenyamaza ndiye mwenye neno. Kwa hiyo kibuyu kionywe. Mwinshehe naye arudi Mikumi, akakamue mafuta yanayoweza kupatana na mwenyeji. Nge abaki rumande."

"Mnakionya kibuyu changu?" Naisenya akauliza.

"Kwa mara ya kwanza tu, mama."

Naisenya akakitazama kibuyu, akakitazama kile kiti cha robota, akatoka na maziwa yake. Mwinshehe akamfuata na mtungi wake ambao haukumulikwa mpaka mwisho. Watu walisema hukumu ni nzuri, kwa kuwa kila mtu alirudi nyumbani na debe lake.

Hildegarda alirudi na lake pia, kwa sababu hakutaka liokotwe na mwingine. Alimwaga mafuta shimoni mbali na bomba, akachukua msumari na jiwe, akalitoboa tembo tumboni. Mwanvua alikuja mbio aliposikia kishindo.

"Mama Fausta, umeingiwa na nini? Debe zima?"

"Limemla mtoto wangu miguu."

"Basi nipe mimi. Mume wangu ataliziba kwa risasi ya kuyeyusha, tundu dogo tu hilo."

Alishalichukua. Alikuwa amelifikisha mlangoni kwake mwenyewe, pale Hildegarda alipomkimbilia na kulishika upande wa pili, wakavutana kambi nzima ikitazama, wanawake wawili waliokuwa wakipeana chumvi tangu walipoolewa. Hildegarda alishinda kwa kung'ata. Alilipondaponda debe kwa jiwe mpaka likawa bapa, akalitumbukiza chooni, akakaa nje ya choo mpaka Lupakisyo akamwambia hakuna mtu wa kulifuata huko.

"Wewe ndiye uliyelileta," akamwambia.

"Nililileta kwa furaha," Lupakisyo akasema.

Hospitali ya mjini walisema dawa hawana. Mtoto aache mafuta yale, akandwe kwa maji ya moto, vidole visiachwe vikining'inia, na wangoje. Lupakisyo hakusema tena habari ya minyoo. Alinawa mikono kwa majivu mpaka viwiko, akasokota kamba nyembamba ya singa, akaifunga chini ya vidole vya Fausta na kuipandisha mpaka kwenye mkanda chini ya goti, ili ivute wayo juu mtoto anapotembea. Fausta aliitwa mbuzi wa kufungwa na watoto wenzake. Akawaambia mbuzi wana miguu minne, wawaonee hao. Mafuta yao sasa yalikaa katika kibuyu alichouza Naisenya, chembamba, kisichoonywa na mtu.

Kambini maisha yaliendelea na madebe. Kisha watu wakaona Anselmi ana mwendo mpya. Magoti yalipanda juu, nyayo zikashuka kwa kishindo, na kwa kuwa alikuwa nyapara mkuu, walidhani ni mwendo wa kazi ulioletwa kutoka mjini. Manyapara wadogo wakauiga. Kwa muda kukawa na shamba zima la watu wanaokwenda kama korongo kwenye tope, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu hawakuwa na namna, na huwezi kujua yupi ni yupi mpaka mmoja aanguke. Anselmi alipoanguka mbele ya meneja aliyerudi safari, waliokuwa nyuma yake wakajiangusha pia.

Mtoto wa mwisho wa Mwanvua alipoanza pwata, hakukuwa na wa kucheka.

Masika yalipokatika, mguu wa kulia wa Fausta ulikuwa umerudi. Wa kushoto ulirudi nusu. Kamba aliendelea nayo upande huo, na Hildegarda aliendelea kusikiliza kila hatua, kulia kimya, kushoto pwata, naye alijua kwamba sauti hiyo ataisikia mpaka mtoto aolewe na baada ya hapo. Ndipo jioni moja wanawake wa kambi walipokuja mlangoni kwake, Mwanvua mbele na mtoto mgongoni, kovu la meno bado mkononi. Hawakuzungumza habari ya baraza.

"Dada," Mwanvua akasema, na safari hii alinong'ona kweli, "tuache nini?"

Hildegarda hakuwa na kibomba wala taa. Aliwatajia kama alivyojua, na kila mama anayesoma haya awatajie wengine.

Usiweke mafuta ya kula katika debe, pipa au chupa iliyokuwa na mafuta ya mashine, ya gari au ya taa.

Usiweke humo maji, maziwa, unga wala chumvi.

Usidhani kuosha kunatosha. Majivu, mchanga na sabuni havitoi kilichomo.

Usiongeze mafuta mapya juu ya mabaki usiyoyajua.

Usinunue mafuta bila kujua yametoka kwenye chombo gani.

Usiamini pua peke yake, hasa kama nyumbani kwako kila kitu kinanuka kazi ya mume.

Usimpe mtoto afute kaango la mafuta unayoyatilia shaka.

Usitoboe debe bovu na kuliacha nje. Liponde, lizikwe, lisizibwe.

Usingoje mtoto aanguke mara ya pili. Akianza kuburuta vidole, acha mafuta siku hiyo hiyo, mpeleke hospitali, na mafuta yapeleke pamoja naye.